Yatokanayo

Mkristo wa Nambis, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbulu, anaweza kukaa vikao vinne kwa juma moja bila kupanda hata bodaboda. Kuna jumuiya ndogo ndogo, inayosali kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya. Kuna halmashauri ya walei kama yeye ni Mkatoliki, au baraza la wazee kama ni Mlutheri wa KKKT. Kuna mkutano wa hadhara, ambako mtendaji anasoma mapato na matumizi. Na kuna kikao cha harusi, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye nidhamu kuliko vyote: kina mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi, na mtu maalumu wa kuwapigia simu walioahidi wakanyamaza. Halafu Jumapili padre anasimama kuhubiri na kutaja kikao cha tano, ambacho hakuna mtu wa Nambis aliyewahi kukikalia wala anayetazamia kukikalia. Anakiita mtaguso.

Ni neno la Wakatoliki kwa mkutano mkuu wa maaskofu wao, na hata kwao halitoki kila siku. Kwa hesabu ya Kanisa hilo mitaguso mikuu imekuwa 21 tu: wa kwanza Nikea, mwaka 325, na wa mwisho ni wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962 na kufungwa tarehe 8 Desemba 1965. Jambo linalotokea mara 21 katika miaka 1700 haliwezi kuitwa kwa jina moja na kikao cha harusi. Umbo la neno ni la Kibantu kabisa, m- mbele na -o nyuma, kama mkutano, mgomo, mchango, majina ya matendo. Ila mkutano una watu wanaokutana na mchango una watu wanaochanga, na sijasikia mtu akisema "jana tulitagusa mpaka jioni". Kitenzi hakimo vinywani, jina limebaki peke yake. Ni nguo ya sandukuni, inatolewa kwa sikukuu kubwa na kurudishwa.

Mlutheri, jirani wa Mkatoliki, hana neno hilo. Yeye ana sinodi, na sinodi yake ina kisa cha pekee. KKKT ilipoundwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, sehemu zake hazikuitwa zote dayosisi; nyingine zilikuwa sinodi. Wazee wanaikumbuka Sinodi ya Mbulu, kabla haijawa Dayosisi ya Mbulu. Kwao, basi, sinodi ilikuwa nchi: mtu alizaliwa ndani yake, akabatizwa ndani yake, akafa bila kutoka nje ya mipaka yake. Kikao chenyewe waliita Mkutano Mkuu, Kiswahili cha kawaida kisichohitaji ufafanuzi.

Kwa Wakatoliki sinodi ni mkutano, wa maaskofu au wa jimbo, mdogo kuliko mtaguso. Asili ya neno ni Kigiriki, sun yenye maana ya pamoja na hodos yenye maana ya njia. Papa Fransisko aliishikilia sana maana hiyo ya kutembea pamoja, hasa tangu hotuba yake ya Oktoba 2015, na tangu hapo hakuna semina ya makatekista isiyoanza kwa Kigiriki hicho. Sina ugomvi na tafsiri hiyo. Nadhani tu imehubiriwa mno, mpaka watu wanatoka kanisani wakijua maana ya sinodi na wasijue sinodi iliamua nini.

Yapo pia baraza na halmashauri. Baraza ni la pwani. Ni ile sakafu iliyoinuliwa mbele ya nyumba, ambapo wanaume wa Lamu au Unguja hukaa jioni na kahawa, na mazungumzo yakachukua jina la mahali pa kukalia. Lilipopanda mpaka nyanda za Mbulu lilikuta nyumba za aina nyingine kabisa. Tembe za zamani za Wairaqw, wenyeji wa nyanda hizo, zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likilingana na ardhi ili adui asizione kwa mbali. Nyumba iliyokusudiwa isionekane haitoi benchi kwa wapita njia. Neno lilifika bila kiti chake na likakaa vizuri tu. Halmashauri nayo ina shauri tumboni, haihitaji maelezo.

Yaweke yote kwenye meza moja. Sinodi inataja njia ya kufikia, baraza linataja kiti, halmashauri inataja maneno yanayosemwa, na concilium ya Kilatini, ambayo mtaguso unaisimamia, inataja kule kuitwa. Yote yanatueleza kikao kilivyoanza na kilivyokaa. Neno linalonivutia mimi halimo katika kamusi ya teolojia. Limo katika muhtasari, na kila katibu wa jumuiya analijua hata kama aliishia darasa la saba. Kufungua kikao kwa sala. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Kisha ndipo ajenda nyingine, mengineyo, na kufunga.

Katika yatokanayo ndipo kikao kinapoulizwa kilizaa nini. Tulisema choo cha kanisa kikarabatiwe, je, kimekarabatiwa? Mwenyekiti mwenye mambo ya kuficha huipitisha ajenda hiyo haraka, na wajumbe wazoefu hawamruhusu. Mitaguso nayo ina yatokanayo yake, na ndiyo yaliyoonyesha upi ulikuwa mtaguso kweli na upi ulikuwa mkusanyiko wa watu waliovaa vizuri.

Chukua Nikea, mji ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki. Mfalme Konstantino aliwaita maaskofu mwaka 325. Mapokeo yanasema walikuwa 318. Walitoa tamko kwamba Mwana ana umungu ule ule wa Baba, kinyume cha Ario, padre wa Aleksandria. Tamko hilo ndilo mzizi wa Nasadiki inayosaliwa kila Jumapili, na mwaka 2025 lilitimiza miaka 1700 kwa sherehe nyingi. Anayesikia sherehe hizo anaweza kudhani kwamba maaskofu walitia sahihi, wakala, wakarudi makwao, na jambo likaisha. Halikuisha. Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyelitetea tamko hilo, alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Mwaka 359 mfalme mwingine, Konstansio wa Pili, aliita maaskofu zaidi ya 400 huko Rimini, Italia, wengi kuliko wale wa Nikea. Walishurutishwa mpaka wakatia sahihi tamko jingine lililolikwepa lile la kwanza. Kwa idadi, Rimini ilishinda. Kwa ukaribu na serikali, Rimini ilishinda. Lakini leo hakuna anayesali tamko la Rimini, na Nikea ilithibitishwa tena Konstantinopoli mwaka 381, miaka 56 baada ya kufunguliwa.

Kilichotokea kati ya 325 na 381 ni yatokanayo. Wakristo wa kawaida, wengi wao wasiojua kusoma, waliendelea kubatiza na kusali kama walivyofundishwa, na sehemu nyingi walikataa kumwitikia askofu aliyeletwa na askari. Wanateolojia wanaita jambo hilo mapokezi. Mtaguso ukishasema, husubiri kuitikiwa. Karne iliyofuata ulifanyika mwingine Efeso, mwaka 449, umeitwa kihalali na mfalme, umejaa maaskofu, na uliendeshwa kwa vitisho. Papa Leo wa Kwanza aliuita unyang'anyi, na mpaka leo vitabu vya historia vinauita sinodi ya wanyang'anyi.

Mtu wa Nambis hahitaji kufundishwa kuitikia. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi inayosemwa na wazee watu wanapokutana, na mtafiti wa fasihi simulizi W. D. Kamera ni miongoni mwa walioiandika. Itazame kwa karibu. Mzee mmoja anaongoza, kipande kwa kipande, sauti imeshikwa chini. Anaomba mvua, uzazi na uponyaji, anaombea mifugo na ardhi; anamtaja Lo'a, ambaye kwa Wairaqw ni wa kike na jina lake ni la jua, na anawataja neetlangw, roho za ardhini na majini, ili watulie huko waliko. Baada ya kila kipande waliokaa wanaitikia kwa pamoja, na itikio linaingia kabla kipande hakijapoa, kwa hiyo msikilizaji mgeni hushindwa kujua nani anamsukuma mwenzake, kiongozi au waitikiaji. Mzee akisema peke yake, hata kwa maneno mazuri kiasi gani, hiyo si slufay. Ni mzee anasema peke yake.

Basi katekista aliyesimama mbele ya watu hao na kusema "Tumsifu Yesu Kristo" alikuwa amebisha mlango uliokuwa wazi tayari. "Milele na milele, amina" ilitoka kwa wepesi, na kwa Walutheri "Bwana asifiwe" ikapata "Amina" yake. Sidai kwamba slufay ni Ukristo uliojificha. Wazee wenyewe wangecheka. Nasema tu kwamba mahali ambapo neno halijakamilika mpaka liitikiwe, mtaguso ulikuta masikio yaliyozoea kazi hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa, Mbulu ilikuwa jimbo changa. Ilikuwa imetengwa mwaka 1943, ikafanywa jimbo kamili mwanzoni mwa miaka ya 1950, na askofu wake alikuwa Patrick Winters, Mwairishi wa shirika la Wapalotini. Mwairishi kuwa askofu wa Wairaqw: ndimi za huku zimefurahia mzaha huo miaka mingi. Mwezi Desemba 1963 maaskofu walipitisha hati ya liturujia, iliyofungua mlango wa misa katika lugha za watu badala ya Kilatini. Na hapa yatokanayo ya Mbulu yalichukua njia yake. Lugha iliyoingia altareni ilikuwa Kiswahili, ambacho kwa bibi wa Nambis kilikuwa lugha ya pili, kama si ya tatu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, haina ngeli kama zetu, ina sauti ambazo Mswahili hupambana nazo hata kulitamka jina la kabila lenyewe. Maaskofu kule Roma walisema lugha ya watu. Watu wa huku walipewa lugha ya taifa.

Ningetegemea manung'uniko, na huenda yalikuwapo. Lakini mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa na miaka miwili ya uhuru, na Kiswahili kilinukia nchi mpya. Watu walikiitikia. Walikitungia nyimbo, wakakitia mapigo yao na lafudhi yao; nenda leo kwenye misa ya mazishi nyanda hizo uone sala zinavyoanza kwa Kiswahili na kuhamia Kiiraqw kilio kinapozidi, bila mtu kutoa ruhusa. Askofu Nicodemus Hhando, mzaliwa wa huko, aliyemfuata Winters mwaka 1971, hakuhitaji kuamuru mpito huo. Ulijiamuru.

Lakini kuitikia kuna upande wake mgumu. Nani anahesabiwa kuwa amekaa kikaoni? Mwalimu Nyerere alipenda kusimulia wazee wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakubaliane, na picha hiyo imetundikwa katika vichwa vyetu vyote. Ina kasoro moja: imejaa wanaume. Katherine Snyder, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mbulu, aliandika mwaka 1997 juu ya masay, ibada ya kuitakasa aya, yaani nchi ya jirani wanaoishi pamoja. Ndani ya makala hiyo kuna wanawake wanaoandamana kuwapinga wazee. Kumbe kutoitikia nako ni neno, na wanawake wa Kiiraqw walijua kulisema kwa miguu.

Kusini zaidi, Hanang, wanawake wana chombo chao kabisa. Wabarbaig huita kikao girgwageda, na zipo girgwageda za aina mbalimbali: ya ukoo, ya majirani, ya watu wote. Mojawapo ni girgwageda gademga, baraza la wanawake. George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950, aliieleza vizuri. Mwanamume akimkosea mkewe kwa namna inayowagusa wanawake wote, mathalani akivunja miiko inayomlinda mzazi aliyetoka kujifungua, wanawake wanaitana, wanakaa peke yao, wanasikiliza kesi, wanatoa hukumu. Adhabu hulipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe huyo huliwa na wanawake. Wanaume wanaweza kutega sikio kwa mbali. Mkaidi anajua kinachomngoja: laana ya wanawake, ambayo hakuna Mbarbaig mwenye akili timamu anayeichezea.

Sasa weka pembeni yake tarehe hii: Oktoba 2023, ukumbi wa Paulo wa Sita, Vatikano. Sinodi ya Maaskofu inakutana kwenye meza za duara, na kwa mara ya kwanza wanawake wanapiga kura, 54 kati ya wapiga kura 365. Magazeti yaliiita hatua ya kihistoria, na kwa Roma ilikuwa hivyo kweli. Mama wa Kibarbaig angeuliza maswali mawili: mmetoza ng'ombe wangapi, na nani amekula nyama?

Simpambi. Girgwageda gademga haikuweza kuzuia kila kitu, na wala girgwageda za wanaume hazikuweza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano kwenye mbuga za Hanang, na shirika lake la NAFCO likatwaa malisho bora ya Wabarbaig, makaburi ya wazee wao yakiwa ndani ya eneo hilo na mengine yakapitiwa na plau. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw iliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua: halmashauri hiyo haikuweza kuthibitisha kwamba iliwahi kugawiwa ardhi ile kwa utaratibu. Walikuwa wamekaa juu ya ardhi hiyo vizazi na vizazi, wamefanyia vikao vyao juu yake, na jina la kisheria la kikao, halmashauri, lilipofika mahakamani likaonekana halina kitu mkononi. Kikao kinaweza kuwa kweli machoni pa wote waliokikalia na kisiitikiwe na yule mwenye mhuri.

Ndiyo maana nilifuatilia kwa shauku maswali ya sinodi ile ya Roma yalipoteremshwa majimboni kuanzia Oktoba 2021. Roma ilitaka kuwasikia watu wote, na maswali yakashuka mpaka kwenye jumuiya. Nilihudhuria moja, katika parokia ya nyanda za Mbulu nisiyoitaja. Tulikaa kwenye mabenchi ya kuazima na ndoo zilizofudikizwa, mashuka na makoti mabegani maana baridi ya huko haina simile, chai ya maziwa ikipita katika vikombe vya bati. Mwenyekiti alisoma maswali kutoka kwenye karatasi iliyorudufiwa mpaka herufi zikafifia. Je, Kanisa linamsikiliza nani? Sauti za nani zinasahaulika? Watu walijibu kwa adabu kwanza, kama wanavyojibu mgeni. Kisha wakachangamka. Kijana mmoja alisema vijana wanakumbukwa siku ya kubeba mawe ya ujenzi. Mjane alieleza kwa nini ameacha kukomunika, na kwa muda mtu aliyekuwa na kikombe hakunywa. Katibu aliandika yote kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa kulala, kurasa nyingi.

Sinodi ilimaliza kazi yake Roma tarehe 26 Oktoba 2024 kwa hati ya mwisho, na Papa Fransisko aliipokea hapo hapo bila kuandika hati yake juu yake. Mwezi Machi 2025 ikatangazwa kwamba kipindi cha utekelezaji kitafikia kilele Oktoba 2028, kwa kusanyiko la kikanisa mjini Vatikano. Hawakuliita sinodi, na hawakuliita mtaguso. Watafsiri wetu wameanza kulitafutia jina, na ninawaombea wasichague lenye fahari kupita kiasi.

Jumuiya ile bado inakutana. Mara ya mwisho nilipokuwa nao, muhtasari uliposomwa na mwenyekiti akafika kwenye yatokanayo na kutaka kupita, mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono.

"Mwenyekiti, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," tukaitikia.

"Yale majibu yetu ya maswali ya Roma, tuliyoandika kwenye daftari. Yalifika wapi?"

Mwenyekiti akamtazama katekista. Katekista akasema yalipelekwa parokiani, na kutoka parokiani jimboni, na kutoka hapo yaliunganishwa na mengine. Mama akasema hajauliza yalipelekwa wapi, ameuliza yalifika wapi, na kama yalifika, walijibu nini. Mwenyekiti akapendekeza suala hilo liingie kwenye mengineyo. Mama akakataa, akasema ni la kikao kilichopita, mahali pake ni hapo hapo kwenye yatokanayo, na litakaa hapo kikao hiki na kijacho. Wajumbe wakamuunga mkono. Katibu akaliandika, akaliwekea namba.